Hewa ya Matufaha

Tarehe 9 Februari

Dada yangu,

Salamu kwanza, maneno makali baadaye. Ndivyo mama alivyotulea. Mmeamkaje huko? Miguu ya mama imepungua uvimbe? Mimi ni mzima, ila mgongo umeanza kunisemesha kila ninapoinama, na kila siku unasema neno lilelile.

Umeniuliza kazi yangu hasa ni ipi, maana majirani wanakuuliza nawe unashindwa kuwajibu. Waambie nalaza matufaha. Usicheke. Kuna ghala lenye vyumba virefu kama mabweni. Kila chumba kina mlango mmoja mnene wa chuma, na katikati ya mlango, usawa wa kiuno, kuna kijidirisha cha kupita mtu mmoja kwa tumbo. Tunapanga masanduku mpaka karibu na dari, tunaacha kinjia katikati, tunafunga mlango na kuziba pembeni kote kwa mpira. Kisha mashine inaiondoa oksijeni na kuacha hewa iliyokufa. Kumbe tunda nalo linapumua, dada. Ukilinyima oksijeni, tena kwenye baridi, linasinzia na kusahau kuzeeka. Unalitoa baada ya miezi linang'aa kama limechumwa asubuhi. Watu wa mjini wanaling'ata na kusema, "Aa, hili limetoka mtini sasa hivi." Tunda limedumu kuliko ndoa zao, na wao wanajiona wanajua kula.

Msimamizi wetu tunamwita Kifua, kwa sababu hana kingine cha kujivunia. Anatembea ametanguliza kifua, tumbo linafuata, akili haijafika bado. Mnunuzi akija anataka kuonja mzigo kabla hajaununua, na hataki matunda ya mlangoni, anataka ya ndani kabisa. Ukifungua mlango oksijeni inaingia, matunda yanaamka, na mashine lazima ianze upya. Kwa hiyo mtu anafungwa kamba kiunoni, anavuta pumzi, anaingia kijidirishani kwa tumbo, anakimbia kinjiani ameinama, anajaza mfuko, anarudi kabla pumzi haijaisha. Sisi tunaita kuzamia.

Upo mtungi wa hewa na barakoa yake. Umetundikwa ofisini kwa Kifua, chini ya picha ya mwenye ghala, na kila Jumatatu unafutwa vumbi. Anayeuomba anaitwa bibi harusi, kwa sababu anataka kufunikwa uso. Basi hakuna anayeuomba.

Mzamiaji wao ni mimi. Wananiita Chura. Wengine wote pale ni wa kubeba tu, kama mikokoteni, lakini mnunuzi akifika utasikia, "Chura yuko wapi?"

Msalimie mumeo, Godoro wetu. Bado anahema akifunga vifungo vya shati?

Mdogo wako,
Chura

*

Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mama miguu imepungua, ulimi umeongezeka. Anauliza kama unakula. Namwambia unakula matufaha, anasema hicho si chakula.

Majirani nimewaambia wewe ni karani. Ningewaambia nini? Kwamba mtu mzima mwenye ndevu anapita kwenye tundu kwa tumbo, anachukua matunda yasiyo yake, halafu anajisifu? Mwizi anafanya hivyohivyo, ila yeye angalau anakula alichochukua. Na hilo jina la Chura unalivaa kama koti jipya. Nakujua mimi. Ulipokuwa mdogo, mtu akikwambia huwezi kupanda paa, unapanda. Akikwambia huwezi kuruka, unaruka. Nimekushonea magoti ya suruali miaka yote kwa sababu ya watu waliokwambia huwezi.

Hapa kuna jambo. Kiwanda cha magodoro kimefungwa. Mume wangu yuko nyumbani tangu mwezi uliopita, na anatengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Amefungua saa ya ukutani iliyokuwa inakwenda. Sasa haiendi. Mimi nikiwa kwenye cherehani yeye ananitazama kama fundi anayesubiri mashine iharibike. Kama huko kuna kazi ya kubeba au kugonga misumari, mwombee kwa huyo Kifua wako.

Na uache kumwita Godoro. Ni shemeji yako. Vumbi la pamba ndilo lililomharibu kifua, alilivuta akitafuta chakula ambacho na wewe ulikila hapa kwangu. Baba alipoanguka, yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, anahema hivyohivyo, wakati wewe mwenye mapafu ulikuwa unatafuta viatu.

Dada yako

*

Tarehe 24 Machi

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na saa imepata mtu wa kuihurumia.

Kuhusu mumeo, jibu ni hapana. Kijidirisha nimekipima kwa mikono, na yeye nimempima kwa kumbukumbu. Hapiti. Atakwama kiunoni, nusu ndani nusu nje, na itabidi tuajiri watu wa kumvuta. Halafu kelele! Mtu anahema akiwa amekaa, akikimbia itakuwaje? Matufaha yataamka kwa kero. Mwambie abaki na saa yake.

Sasa nikuchekeshe. Kifua ametufundisha mbinu. Anaiita kuonja. Anasema ukiwa ndani na pumzi ikakaribia kukata, usikimbilie dirishani kama kuku. Onja hewa ya mle kidogo tu, funda moja, uongezee safari. Anasema yeye enzi zake alikuwa anaonja mara tatu na kutoka anapiga mluzi. Mimi enzi zake sikuziona, lakini mluzi anaujua kweli.

Juzi alikuja mnunuzi mwenye dharau, akataka matunda ya ukutani kabisa, nyuma. Nikaingia. Kule mwisho mfuko ulinasa kwenye msumari, nikavuta, nikavuta, pumzi ikaanza kugonga mbavu. Nikaonja. Dada, hewa ile haikabi. Haina harufu, haiwashi koo, ni tamu na baridi kama ya asubuhi. Nikajisemea, kumbe ndiyo hii tu? Basi. Hapo ndipo kumbukumbu inapoishia.

Waliponivuta kwa kamba nilikuja kwa kisogo kinjia kizima, kama mbuzi aliyegoma kwenda mnadani. Nilipozinduka Kifua alikuwa ananipiga kibao kwa kitambaa kibichi huku akimwambia mnunuzi, "Amelala tu huyu, anapenda usingizi." Mnunuzi aliuliza mfuko uko wapi.

Kichwa kiliuma siku mbili, kikaacha. Jicho la kulia tu ndilo lina ukungu kidogo, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ni vumbi la masanduku. Litatoka.

Mdogo wako,
Chura

*

Tarehe 15 Aprili

Wewe,

Salamu sina. Mama mzima, mimi mzima, mjinga ni wewe.

Vumbi gani linaingia jicho moja na kukaa? Mimi kazi yangu ni kutunga uzi kwenye sindano, ukungu wa macho naujua unavyoanza. Vumbi linawasha, linatoa machozi, kesho limekwisha. Ukungu usiowasha ndio wa kuogopa. Nenda kwa daktari wa macho. Usiende kwa muuza dawa, usiende kwa Kifua. Nenda kwa daktari, kaa kwenye foleni kama binadamu, ueleze ulichokifanya bila kujisifu.

Barua yako nimemsomea mume wangu. Tulipofika pale pa kukwama kiunoni alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Tulipofika pale pa kuonja aliacha kucheka. Akaniambia nirudie kusoma. Kisha akauliza hicho kijidirisha kina upana gani.

Nikamwambia, wewe unataka upana wa nini? Alikwenda kukaa na saa yake.

Ukishatoka kwa daktari niandikie maneno yake, si yako.

Dada yako

*

Tarehe 20 Mei

Dada yangu,

Nakusalimu, na mama, na hata huyo mwenye saa. Nimechelewa kuandika kwa sababu mistari imekuwa inanikimbia. Utaona mwandiko umelala. Kalamu haina kosa.

Nilikwenda. Sikwenda kwa sababu yako. Nilikwenda kwa sababu nilimimina chai pembeni ya kikombe, mbele ya watu, na wakacheka.

Daktari ni binti mdogo ambaye mtaani ningemwita mwanangu. Alinitia matone, akanikalisha gizani, akanimulika jichoni kwa taa kali mpaka nikaona mishipa yangu mwenyewe imetanda kama mizizi. Akaniuliza nilifanya nini. Nikamwambia nilionja. Akauliza nilionja nini. Nikamweleza chumba, matufaha, funda moja. Alivua miwani akanitazama jinsi unavyomtazama mteja aliyeosha suti kwa maji ya moto.

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Msimamizi."

"Na yeye amefundishwa na nani? Na matufaha?"

Alinielezea, na nimekuwekea maneno yake kama ulivyoamuru. Pumzi unayoibana kifuani bado ina oksijeni. Mtu anaweza kwenda nayo kidogo. Lakini ukiitoa na kuvuta hewa ile iliyokufa, hukuongeza kitu, umemwaga. Damu inafika kwenye mapafu kuchukua, haikuti kitu, tena inaacha hapohapo hata kidogo ilichokuwa nacho. Mwili haukuonyi, kwa sababu kinachomfanya mtu ahisi anakabwa ni hewa chafu anayoshindwa kuitoa, na mimi niliitoa vizuri kabisa. Ndiyo maana ilikuwa tamu.

Halafu jicho. Anasema nyuma ya jicho kuna utando mwembamba kuliko kitambaa chako chochote. Unaitwa retina. Umejaa seli za neva, zinazopokea mwanga na kupokezana habari mpaka kwenye ubongo. Na utando huo unakula oksijeni kuliko karibu nyama yoyote ya mwili. Hauna akiba. Unaishi kwa kinachofika sasa hivi.

Nikamwambia, "Lakini daktari, matufaha yetu yananyimwa oksijeni miezi na miezi, na yanatoka yakiwa mazima."

Akasema, "Tufaha lina baridi na halina kazi. Ukilinyima linasinzia. Jicho halijui kusinzia. Hata gizani linakula, tena gizani ndiyo zaidi."

Sasa sikiliza hapa, ndipo paliponiondolea usingizi. Seli hizo zinasemeshana kwa tone la kemikali. Ina jina lake, limenitoka. Moja inatoa tone, jirani anapokea, analinyonya, kimya, wanaanza tena. Ni kama watu wenye adabu. Oksijeni ikikatika, seli inakosa nguvu ya kufunga milango yake. Inamwaga yote kwa mkupuo. Jirani anasikia ukelele badala ya neno. Milango yake nayo inafunguka, chumvi na kalsiamu vinamwingia, anavimba, anaungua kutoka ndani, naye anamwaga ya kwake kwa jirani mwingine. Zinauana kwa kelele, dada. Na hewa ikirudi, msiba haujaisha. Zile zilizoumia zinaendelea kufa polepole, siku baada ya siku, mwenyewe ukiwa kazini unasema ni vumbi.

Zinazoumia zaidi ni zile ambazo mikia yao imefungwa pamoja kama kamba kwenda ubongoni. Zikifa hazioti tena. Nilimuuliza mara mbili. Alijibu mara moja.

Jicho langu la kulia limebaki na mwanga wa pembeni na shimo katikati. Anasema presha yangu ilikuwa juu nisijue, na mshipa wa damu wa upande huo ulikuwa umeshakuwa mwembamba, kwa hiyo ndiko kulikokauka kwanza. La kushoto limepotea kidogo ukingoni tu. Akasema, "Hili limeponea chupuchupu. Ukianguka tena mle ndani, la kushoto litalifuata la kulia, kama kwanza utazinduka."

Nilirudi ghalani nikamweleza Kifua. Alinisikiliza, nisimsingizie. Kisha akafunika jicho lake moja kwa kiganja na kusema, "Mbona mimi naona? Tatizo lako unasikiliza sana wanawake." Ameniweka kwenye meza ya kuchambua matunda, niondoe mabovu. Mabovu ya upande wa kulia yanapita mbele yangu kama wageni waheshimiwa. Akina mama wa pale mezani wanayaondoa nyuma yangu na kunyamaza. Huko kunyamaza kwao ndiko kunakoniudhi.

Mwezi wa saba anakuja mnunuzi mkubwa, na Kifua amesema siku hiyo nitarudi kuzamia, kwa sababu hana mwingine anayefika ukutani. Nimekubali. Usianze. Nitabana pumzi tu, sitaonja. Wewe hujui ilivyo kusimama mezani na wanawake wanaokuonea huruma, baada ya kuitwa kwa jina ghala zima.

Godoro asije. Safari hii sifanyi mzaha.

Mdogo wako,
Chura

*

Tarehe 6 Juni

Mdogo wangu,

Sote wazima. Mama sijamsomea. Nimemwambia unavaa miwani.

Maneno ya daktari nimeyaelewa. Yako sijayaelewa. Mtu ana macho mawili, moja ameliua, sasa anakwenda kulipima la pili kama lina nguvu. Hata kuku akikatwa kichwa anakimbia ovyo, lakini harudi kwenye kisu.

Unasema Kifua hana mwingine. Kweli, hana mjinga mwingine. Alivyofunika jicho lake kwa kiganja, na wewe ukasimama hapo ukamtazama! Na bado unataka akuite kwa jina! Ungekuwa karibu ningekupiga kwa futi ya mbao.

Ningekuja mwenyewe, lakini mama haachwi peke yake. Kwa hiyo nimemtuma Godoro. Unaona, hata mimi umeniambukiza. Barua hii ikifika huenda yeye ameshafika. Hatafuti kazi, ingawa atakwambia anatafuta, kwa sababu anakuheshimu, sijui kwa lipi. Anakuja kukurudisha kabla ya huyo mnunuzi wako. Nilimuuliza atafanyaje, wewe husikii la mtu. Akasema, "Sijui. Nitakaa tu karibu yake."

Hiyo ndiyo mbinu yake. Utamcheka. Mcheke, lakini umpe mahali pa kulala pasipo na vumbi.

Dada yako

*

Tarehe 11 Julai

Dada yangu,

Salamu kutoka kwenye benchi la stendi. Mzigo wangu uko miguuni, mumeo amekwenda kununua maji. Nitaandika haraka kabla hajarudi, sitaki ajue ninachosema juu yake.

Alifika na begi lako lile la maua, amevaa koti la harusi, jasho linamtiririka. Nilimkuta getini anamweleza mlinzi kwamba yeye ni shemeji yake Chura. Mlinzi alikuwa amekaa chini kwa kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Kifua alimzunguka kama anayenunua ng'ombe mgonjwa, akasema, "Hiki nacho kinafanya nini?" Mumeo akajibu, "Natengeneza vitu." Wakampa nyundo na masanduku mabovu. Nikuambie ukweli, masanduku aliyatengeneza vizuri. Sijui kwa nini saa ilimshinda.

Kila siku tukitoka kazini aliniambia neno moja, "Shemeji, twende nyumbani." Namwambia nenda peke yako. Anasema sawa, halafu haendi. Chumbani nilimpa kitanda, nikalala chini, kwa sababu akilala chini anahema kama mashine ya kukoboa. Nilimtukana matusi yote ninayoyajua. Anayapokea kama mvua. Mtu asiyekasirika anachosha, dada. Sijui umeishi naye vipi.

Mnunuzi mkubwa alikuja jana, na viatu vyeupe. Kifua akapiga makofi: "Chura yuko wapi?" Nikatoka mezani. Sitakudanganya, moyo wangu ulifurahi. Nikavua koti, nikafungwa kamba, wakafungua kijidirisha. Nikageuka kuweka koti langu juu ya sanduku, upande wa kulia, ule upande nisioona. Nilipogeuka tena, dirisha lilikuwa limejaa.

Mumeo alikuwa amelikalia. Alitanguliza makalio, akajisukuma, akajikunja, akakwama kiunoni kama kizibo, kichwa na magoti nje, makalio ndani, mikono ameiweka mapajani kama mtu anayesubiri kinyozi.

Ghala zima lilikufa kwa kicheko. Mnunuzi naye alicheka. Mimi sikucheka.

"We!" Kifua akapayuka. "Toka hapo!"

"Nimechoka kidogo, bosi."

"Umechoka kwenye dirisha langu?"

"Ndipo paliponitosha."

"Unaogopa mwenzio asiingie? Wewe ni mwoga?"

"Sana," akasema. "Tangu utotoni. Hata gizani sipendi."

Mtu ukimwita mwoga akakubali, umebaki na nini cha kumwitia? Nikamsogelea mumeo mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Godoro, toka. Unaniaibisha mbele ya watu."

Akasema polepole, anahema, "Shemeji, uliandika kwamba dirisha hili halinipitishi. Nikasema, basi hilo ndilo la kwangu." Kisha akasema, "Simama mbele yangu. Fumba jicho la kushoto. Unaniona?"

Sijui kwa nini nilimtii. Nilifumba. Niliona ukingo wa dirisha, niliona viatu vyeupe vya mnunuzi pembeni, na pale uso wa mumeo ulipopaswa kuwa palikuwa na shimo la kijivu. Nikafumbua.

"Basi," akasema. "Hilo lililobaki nimeagizwa nirudi nalo."

Kifua akataka avutwe. Wawili wakamshika mikono, hakutoka. Vumbi la pamba limemharibu kifua lakini makalio limeyaacha. Akasema, "Ukitaka mtu apite hapa, lete ule mtungi wa ofisini avae. Nitatoka mwenyewe." Mnunuzi akauliza, "Mtungi upo? Sasa mnangoja nini?" Kifua akaenda kuuleta, anaubeba kama maiti ya mtoto wa mfalme, unang'aa. Akafungua koki.

Haikutoka hata chafya. Mtungi ulikuwa mtupu, dada. Sijui tangu lini. Tumekuwa tukifuta vumbi chupa tupu chini ya picha ya tajiri, na kuwacheka watakaouomba.

Hakuna aliyecheka tena. Mmoja wa akina mama wa mezani alitema mate chini na kurudi kwenye matunda yake. Pembeni ya makalio ya mumeo hewa ilikuwa inapenya muda wote huo, na ukutani taa nyekundu ikaanza kuwaka na king'ora kikalia, kwamba chumba kimeingiliwa na oksijeni. Mnunuzi akatazama saa yake akasema, "Si kimeshaharibika? Fungueni mlango niingie kwa miguu yangu." Kwa hiyo wakamng'oa mumeo, watatu safari hii, wakafungua mlango wote, wakawasha feni, wakasubiri mpaka taa ikawa ya kijani. Mnunuzi aliingia na viatu vyake vyeupe mpaka ukutani kabisa, pale nilipoangukia mimi. Akachukua tufaha, akaling'ata. Akasema, "La kawaida."

La kawaida, dada! Jicho langu limekwenda kwa tunda la kawaida. Nusu yake alilitupa.

Kifua alitufukuza papo hapo. Alisema mengi. Nilimtazama kwa jicho zima na kwa mara ya kwanza nikamwona vizuri: mzee aliyetanguliza kifua kwa sababu nyuma yake hakuna mtu. Nikafungua kamba kiunoni nikamwekea mkononi. Nikamwambia aende akaonje. Nilipotoka mlinzi aliniita, "Chura!" Nikaona jina lenyewe ni la mnyama wa dimbwini tu, sikugeuka.

Barua hii nampa dereva wa basi linalotangulia letu. Mwambie mama siji na miwani. Mwambie ukweli kabla sijafika, amalize kunitukana nikiwa njiani, isiwe ana kwa ana. Daktari nilimpitia kumuaga. Ameniandikia nikapimwe presha kila mwezi, na akamtazama mumeo akauliza huyu ni nani. Nikasema ni godoro langu. Hakuelewa.

Anarudi sasa na maji. Amenunua chupa moja, eti tutagawana. Mtu wa ovyo kabisa. Tangu asubuhi anatembea upande wangu wa kulia tu, na nikimkwepa anazunguka na kurudi palepale. Simwoni. Namsikia anahema.

Mdogo wako